Bolti Mahali pa Fyuzi

Mwende, mwaitu,

Nimekuita mwaitu kwa makusudi. Una jina la mama mzazi wa baba yako, na kwetu Ukambani mtoto aliyepewa jina la nyanya yake huitwa mwaitu, yaani mama, hata kabla hajaota meno. Jana nilikupigia kelele kama mama anayemwamuru mtoto, na unajua ilivyokwenda. Leo nakuomba, kama mtu anavyomwomba mama yake.

Umevuka barabara kwenda kusukwa nywele za safari, na kwa jinsi wewe na msusi wako mnavyopenda maneno, sitarajii kukuona kabla giza halijaingia. Gari la matangazo la Kilonzo liko hapa uani, spika zimefungwa paani, magunia ya mbegu yameshapakiwa. Kesho asubuhi mtashika njia ya Kitale, yeye kwenye usukani na wewe nyuma na kipaza sauti, mkawatangazie wakulima mbegu za mahindi soko baada ya soko. Umesema ukimaliza huenda ukabaki huko huko. Nami nimekaa kwenye meza ya jikoni, chai imepoa mbele yangu, na ninaogopa. Naliandika neno hilo wazi ili usidhani ni hasira. Mimi nikiogopa hufanana sana na mtu mwenye hasira.

Habari ya chakula, blanketi, kanisa na wanaume wa Kitale utaambiwa na shangazi yako ambaye utalala kwake, maana yeye huipenda kazi hiyo na mimi sitaki kumnyang'anya. Nina jambo moja tu, nalo liko chini ya kiti chako cha nyuma. Ni ile bolti mliyoiweka mahali pa fyuzi.

Jana niliingia garini kutafuta ufagio wangu, ambao Kilonzo huuazima bila kuuliza. Nikaziona betri zako mbili za ziada, zimefungwa kwa mikanda zisitikisike, na nikafurahi kwa kweli. Kushika bisibisi nilikufundisha mimi, kwenye kibanda changu cha kuchaji betri, watu wa Kinoo wakileta betri zao za televisheni kwa wilibaro. Lakini kufunga muziki ulijifunzia Hurlingham, kwenye magari ya vijana wa Lavington, na nilipoona nyaya zako zilivyolala pamoja kama nywele zilizochanwa, nikasema moyoni, huyu ameshanipita. Kisha nikafungua kile kijumba cha fyuzi nikakuita.

"Mwende, hii ni nini?"

"Ni bolt, mum."

"Naona ni bolti. Fyuzi iko wapi?"

"Zilikuwa zinaungua kila saa. Kilonzo akasema tupige direct tu. Na usijali, kuna fuse ingine kwa amp."

"Ya amp inalinda hicho kikuza sauti tu. Waya yote kutoka mbele mpaka hapa inalindwa na nani?"

"Mum, wewe ni wa betri za TV. Hii ni sound. Wacha stress."

Hapo nikapaza sauti, nawe ukafanya kama ufanyavyo siku zote nikipaza sauti. Uliingia chumbani, ukafunga mlango taratibu. Afadhali ungeubamiza.

Neno la betri za TV liliniuma, siwezi kukudanganya. Lakini si uongo, na betri hizo hizo ndizo zilizokusomesha, kwa hiyo sitalishika moyoni. Kinachonisumbua ni kwamba najua bolti ile ilitoka wapi. Ilitoka kwenye yale mazishi.

Mlikuwa mmetangulia mbele ya gari la marehemu, wewe ukisoma majina ya wafiwa. Mlipofika hapa madukani watu walikuwa wamesimama kando ya barabara, wanaume wamevua kofia. Sauti ikakatika katikati ya jina la mjane. Nilikuwa mlangoni pa kibanda nikawasikia watu wakinong'ona. Mama mmoja akasema, "Hata gari imekataa kumtaja." Nadhani nawe ulimsikia. Ulirudi nyumbani hukutaka kula, ukasema jambo hilo halitakupata tena, afadhali ufe. Watu husema hivyo kila siku, wakikosa basi, wakimwaga maziwa. Mimi neno hilo halijanitoka masikioni.

Basi mkaweka bolti, kwa sababu bolti haikatiki. Aibu imepata dawa. Ningekuwa na umri wako ningefanya vivyo hivyo, na kwa kweli nilifanya, nitafika hapo.

Leo asubuhi, Kilonzo alipoacha gari hapa, niliinua zulia. Nilitaka kujua fyuzi zenu zilikuwa zinaungua kwa nini, maana fyuzi haiungui kwa ukorofi. Waya wako mwekundu unaotoka betri ya mbele umepita chini ya kiti cha dereva, sawasawa na reli ya kiti. Kilonzo ni mrefu. Kila akitaka kushuka husukuma kiti nyuma, na kila akisukuma, reli inauma waya. Ganda limeshakatika. Nimeona shaba inang'aa, kipande kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho.

Nilikaa pale chini nikakumbuka siku ya mazishi. Magari yalikuwa yamezuia njia hapa madukani, na Kilonzo alisukuma kiti ashuke akayaombe yapishe. Hapo ndipo sauti yako ilipokatika. Kwa hiyo fyuzi ile haikukuaibisha, mwaitu. Shaba iligusa chuma kidogo ikaachia, na fyuzi ikaungua ili gari lisiungue.

Sasa hakuna fyuzi. Siku reli itakapoiuma shaba ile tena, labda mko kwenye mteremko huko mbele ya Nakuru, hakuna kitu kitakachokatika. Betri ya mbele itamwaga nguvu zake kutoka huku, zako mbili zitamwaga kutoka kule, na waya wote utawaka chini ya zulia, ukipita kando ya magunia. Wewe utakuwa umekaa juu ya betri. Na mlango wa nyuma wa gari hilo, nimeujaribu, unafunguka kwa nje tu.

Hadithi ya gari letu lililoungua unaijua, na alama yake unayo kwenye kisigino. Lakini umeisikia kwa baba yako, ambaye huisimulia kwa kicheko, jinsi alivyokimbia na kiatu kimoja, mchungaji akamwazima viatu vya kuingilia harusini. Nataka uisikie mara moja kutoka kwangu, kwa sababu nyaya za gari lile nilizifunga mimi.

Dada yangu alikuwa anaolewa Machakos. Gari lilikuwa kuukuu, na nilitaka tusikike tukifika, watu waseme, hao ndio wa kutoka Nairobi. Nikaweka betri ya pili chini ya kiti cha nyuma kwa ajili ya redio ya kaseti. Fyuzi ikaungua. Nikaweka nyingine, nayo ikaungua. Asubuhi ya harusi sikuwa na ya akiba, na baba yako amesimama na funguo mkononi ananiuliza kama tunaenda harusini au tunaenda kubatiza mtoto wa bibi harusi. Nikaokota karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaizungushia fyuzi iliyoungua ili umeme upite juu yake, nikairudisha. Mafundi wengi walifanya hivyo, nami niliwahi kuwacheka. Muziki ukaimba. Nilijivuna mpaka nikajisahau.

Tulipokwisha kupita Athi River nikasikia harufu kama ya beseni la plastiki lililosahauliwa karibu na jiko. Nilidhani inatoka kwenye viwanda. Kitu ninachoamka nacho hadi leo ni hiki: nilisikia harufu, nikafunga dirisha. Nikafunga dirisha nawe umelala nyuma, ndani ya leso, juu ya kiti kile. Ukaanza kulia. Nikasema unalilia maziwa, na kwa kuwa wimbo ulikuwa unaishia nikasema ngoja uishe. Nilipogeuka, moshi ulikuwa unatoka chini yako.

Baba yako alisimamisha gari nyasini akaruka nje. Mlango wa nyuma ukakataa. Alivuta, ukakataa, akaweka mguu kwenye bodi akavuta tena, na hapo ndipo kiatu kilipobaki. Soksi yako ilikuwa imegandana na ngozi. Tulisimama mbali nikiwa nimekushikilia kwa nguvu mpaka baba yako akaniambia nitakukosesha pumzi, na kaseti ilikuwa bado inaimba ndani ya gari linalowaka. Harusini nilicheza kama kawaida, kwa sababu ilikuwa harusi ya dada yangu. Tangu siku hiyo baba yako akifika kwenye kile kiatu, na wageni wakicheka, mimi huinuka nikaenda kuangalia chai jikoni.

Nimewaza sana kwa nini nilizungusha ile karatasi. Si kwamba sikujua. Nilijua kama unavyojua wewe, na pengine wewe unajua zaidi. Nilifanya kwa sababu kulikuwa na watu wananingoja. Mtu akingojwa, akili yake yote huenda kwa wale wanaomngoja, na aliye karibu naye, aliyelala nyuma ya kiti chake, humsahau. Hilo sikufundishwa na mtu, na sijui kama linafundishika.

Utauliza mbona sikuitoa bolti mwenyewe na bisibisi ninayo. Unajua sheria ya kibanda chetu: kazi ya fundi haiguswi mwenyewe asipokuwepo. Nilikukataza hivyo ulipokuwa mdogo, siku ulipofungua redio ya mteja mwingine ili kuona ndani kuna nani. Leo nimeivunja sheria hiyo kidogo. Nimefungua nyaya nyeusi, ya betri ya mbele na za betri zako za nyuma, ili gari lilale limekufa na mimi nipate usingizi. Zaidi ya hapo sijagusa kitu. Ningeitoa bolti, ungenishukuru kwa adabu, na sauti ikikatika mara ya kwanza huko Naivasha ungeirudisha. Inatakiwa itolewe na mkono ulioiweka.

Mchana nilienda mjini, Barabara ya Kirinyaga, nikazunguka maduka ya vipuri mpaka miguu ikaniwasha. Muuzaji mmoja alinitazama na kitambaa changu cha kichwani akatabasamu.

"Mum, hizi fuse kubwa ni za sound. Una gari ya muziki?"

"Nina mtoto," nikamwambia.

Akaacha kutabasamu akanichagulia nzuri. Nimekuletea fyuzi, za kutumia na za akiba nyingi, vijumba vyake, bomba la plastiki la kupitishia waya, na msasa. Vyote viko kwenye mfuko wa karatasi juu ya kabati la vyombo. Kazi yenyewe unaijua, lakini acha niiandike nitulie. Fyuzi moja kwenye waya mwekundu karibu kabisa na betri ya mbele, nyingine karibu na betri zako za nyuma, kwa maana waya huo unalishwa kutoka pande zote mbili. Waya uliokatika usiufunge kwa utepe, ubadilishe, na uupitishe mbali na reli ya kiti. Ule waya wako mweusi umeubana kwenye bolti ya kiti juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme; ndiyo maana spika zenu hukoroma mkiongeza sauti. Piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, kaza, halafu paka grisi. Ukipita hapo utasikika mpaka Uganda.

Nilimpigia baba yako simu kazini kwake Lavington, anakowaendeshea watu magari yao. Nilitaka aje akuambie yeye, maana yeye humfungii mlango.

"Mama Mwende, huyo si mtoto tena," akasema. "Wacha aende."

"Simzuii kuenda. Namzuia kuungua."

Nikamsikia akifunga mlango wa gari la tajiri wake. Kisha akasema, "Ule mlango ulikuwa mgumu sana siku hiyo." Katika miaka yote hii sijawahi kumsikia akiutaja mlango ule bila kucheka. Akasema atakupigia. Lakini namjua, atakupigia na kukuuliza kama umebeba sweta.

Najua Kilonzo atanicheka, na si mtu mbaya, ila hajawahi kuungua. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, basi kicheko cha Kilonzo na kije kwangu, nafasi yake ninayo. Na sauti itakatika tena, Mwende. Itakatika sokoni, watu wamejaa, na kuna mtu atasema neno la kukuumiza. Utashuka, utazima kila kitu, utatafuta kilichogusa chuma, utabadilisha fyuzi, na watu watakungoja au hawatakungoja. Wale wa mazishi, kama ungetaka kujua, walishasahau. Mjane mwenyewe alikuja kibandani juzi na betri yake ya televisheni, akaniuliza habari zako, nikamwambia unasafiri, akasema Mungu akutangulie. Hakutaja sauti kabisa.

Mimi sikuzai mara ya pili. Ulizaliwa mara moja na ukatolewa garini mara moja, na baba yako sasa ana mgongo mbovu, hawezi tena kuvuta mlango. Siku moto ukitokea huko, sitakuwepo hata mimi. Nitakuwa hapa nauza maji ya betri, na mtu atanipigia simu kwa namba nisiyoijua. Hiyo simu ndiyo ninayoiogopa. Nimeanza kuiogopa tangu jana, na kila simu ikilia leo, hata ya mteja, natazama namba kwanza.

Barua hii nitaiweka ndani ya kiatu chako cha safari. Maneno yangu ungeyafungia mlango, lakini pekupeku hutaondoka.

Kesho mkija kumalizia kupakia hamtanikuta jikoni. Nitakuwa garini, kwenye kiti chako cha nyuma, juu ya betri, na nitamwomba jirani anifungie mlango kwa nje. Nimeshapanga nguo kwenye mkoba, na shangazi yako ana kitanda cha kututosha sote. Sitapiga kelele, naahidi. Ukija na bisibisi, nitasogea upate nafasi, nitakushikia tochi kama zamani, halafu nitashuka nikupungie mkono mpaka mpotee. Lakini ukiona bolti hiyo iko sawa kwa mtu kuikalia mpaka Kitale, basi iko sawa hata nikiikalia mimi. Usinishushe. Funga zile nyaya nyeusi, mwambie Kilonzo awashe gari, weka muziki, twende.

Mama yako